Mgao wa kikoba, bati za nyumba na kompyuta inayoganda

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mke na mama wa watoto wawili. Mwaka wa tatu huu nafanya biashara ya fedha za kigeni na dhahabu mtandaoni, saa za jioni na siku za likizo. Sijatajirika, sijafilisika. Akaunti ina dola 620, na kila senti niliyoweka nimeiandika daftarini.

Shida yangu ni kompyuta. Natumia Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile yenye kasha dogo: prosesa Core i5-3470, RAM ya GB 4, hadi diski ya GB 500, Windows 10, monita mbili. Nafungua MetaTrader 5, programu ya kufanyia biashara hii, ikiwa na chati tisa. Tano ni za dhahabu (dakika 1, dakika 5, dakika 15, saa 1 na saa 4), mbili za EURUSD, moja ya GBPUSD na moja ya USDJPY. Kila chati ina indiketa tano, yaani programu ndogo zinazokokotoa bei na kuchora juu ya chati: muvingi averaji tatu (wastani wa bei), RSI (nguvu ya mwendo wa bei), na indiketa ya mishale niliyoinunua dola 60 kwenye kundi moja la Telegram. Pembeni Chrome ina kurasa tatu za TradingView (tovuti ya chati), kalenda ya habari za uchumi na WhatsApp.

Tangu kuwasha mpaka chati zitulie ni dakika sita. Nikihama kutoka dakika 5 kwenda saa 1 nasubiri sekunde tano, mara nyingine kumi. Hayo nimeyazoea. Nisichoweza kukizoea ni siku ya habari kubwa. Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliopita, takwimu za ajira za Marekani zilipotoka saa kumi na nusu jioni, nilikuwa nimenunua dhahabu loti 0.05, yaani aunsi 5. Bei ikageuka. Nilibonyeza kufunga nikiwa kwenye hasara ya dola 30. Mishumaa, vile vijiti vya bei kwenye chati, ikasimama, kipanya kikawa duara linalozunguka, na kompyuta ilipozinduka nilikuta nimefungwa kwa hasara ya dola 95. Stopu losi, ile amri ya kufunga yenyewe hasara ikifika kiwango fulani, sikuweka, kwa sababu kila nikiweka inapigwa, kisha bei inarudi kulekule nilikotaka.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi kompyuta. Alikuja akafungua Task Manager soko likiwa wazi, akanionyesha prosesa 29%, RAM 91%, na diski inayopanda hadi 100% na kushuka. Akasema prosesa haina tatizo kwa kuwa haijafika hata theluthi. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki, maana chati ni picha, na kadi ya maana haiingii kwenye kasha hili. Ameniandikia bei ya kompyuta ya michezo: i5-12400F, RAM GB 16, SSD ya NVMe GB 512 (diski ya kasi isiyo na sahani zinazozunguka), kadi RTX 3050, jumla shilingi 3,200,000.

Mgao wangu wa kikoba mwaka huu ni 2,600,000. Tulishakubaliana na baba watoto kwamba uende kwenye bati, tuezeke kabla ya masika. Nikinunua kompyuta, nyumba inasubiri mwaka mwingine na bado nitakopa 600,000. Mume wangu hajakataa. Amesema tu, "Wewe ndiye unayeijua hiyo kazi yako." Kauli hiyo imenikosesha usingizi kuliko kama angekataa. Habari ya dola 95 haijui. Na shemeji anasubiri jibu. Sitaki aone nimemdharau.

Wenzangu nao kila mmoja na lake. Mmoja anasema SSD inatosha (GB 256 nimetajiwa 75,000, na RAM ya GB 8 kwa 40,000). Mwingine anasema nitafute mtumba wenye prosesa ya kizazi cha nane, nimeuona wa 650,000. Wa tatu anasema niachane na vyuma, nilipie VPS, yaani kompyuta ya kukodi mtandaoni, ya dola 12 kwa mwezi. Nifanyeje?

Mwalimu wa Jioni, Morogoro

JIBU

Mwalimu, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa huo usingizi. Asante pia kwa kuandika vipimo. Barua nyingi za aina hii husema "kompyuta yangu ni nzito" zikaishia hapo, na fundi hana pa kuanzia.

Ninavyoisoma barua yako, mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna kompyuta inayochelewa kila siku. Kuna biashara moja iliyouma, ya siku moja. Na kuna mgao uliokwishaahidiwa kuwa bati. Kompyuta ya 3,200,000 inakuja kama dawa ya yote matatu, ndiyo maana ni vigumu kuikataa na ni vigumu kuikubali. Naomba tuyafungue moja moja.

Tuanze na ile 29%, kwa sababu ndiyo iliyobeba uamuzi wote. Core i5-3470 ina viini vinne, yaani vitengo vinne vya kuhesabu. Kiini kimoja kikifanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake huku vitatu vimekaa, Task Manager huandika 25%. Ongeza kidogo cha Chrome na cha Windows yenyewe, umefika 29%. Kwa hiyo namba aliyoiona shemeji inaweza kusema mambo mawili yanayopingana: prosesa ina nafasi tele, au kiini kimoja kimeelemewa kabisa. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia "Performance", bofya grafu ya CPU kwa kitufe cha kulia, chagua "Change graph to", kisha "Logical processors". Vitatokea visanduku vinne. Windows huhamisha kazi kutoka kiini hadi kiini, kwa hiyo kilele kinaweza kurukaruka, usihangaike nacho. Tazama kama jumla inang'ang'ania karibu na 25 kila chati zinapoganda.

Kwa nini kiini kimoja tu? MetaTrader 5 huziweka indiketa zote za bidhaa moja kwenye foleni moja. Dhahabu ina chati tano, kila chati indiketa tano: hizo ni ishirini na tano zinazopanga mstari kwenye dirisha moja, huku madirisha ya jirani hayana mteja. Kila bei inapobadilika, yaani kila tiki, mstari wote unapita upya. Siku ya kawaida tiki huja kwa staha. Takwimu za ajira zikitoka zinamiminika, foleni haijaisha nyingine imefika, na wewe unaona mishumaa imesimama.

Hapo nina wasiwasi na ile indiketa ya mishale. Muvingi averaji na RSI zinazokuja na programu huhesabu mshumaa mpya tu. Ya zamani haziigusi tena. Indiketa iliyoandikwa vibaya hurudia mishumaa yote tangu mwanzo kwa kila tiki. Kama hujawahi kugusa mipangilio, MetaTrader 5 huanza na mishumaa 100,000 kwa chati. Zidisha kwa chati tano, kisha kwa tiki kadhaa ndani ya sekunde moja. Ushahidi ukiwepo utakuwa kwenye kompyuta yako mwenyewe: bonyeza Ctrl+T, soma kurasa za "Experts" na "Journal", tafuta maneno "too slow". Programu huandika hapo jina la indiketa iliyochelewesha na muda iliotumia kwa milisekunde. Usipoyakuta, jaribio jingine ni kuiondoa mishale kwenye chati zote tisa kwa siku mbili za soko na kuangalia kinachobadilika. Najua uliilipia dola 60. Lakini kama ndiyo inayokugandisha, umeendelea kuilipia.

Yapo marekebisho yasiyokula hata shilingi, na ningependa uyafanye kabla hujampa mtu yeyote jibu. Fanya moja kwa siku, ukiwa na saa ya simu ya kupimia. Ukifanya yote kwa mkupuo hutajua lipi lililosaidia. Ctrl+O, ukurasa wa "Charts", punguza "Max bars in chart" kutoka 100,000 hadi 10,000, kisha funga programu na uifungue upya. Kwa chati ya dakika 1 hizo ni siku saba hivi za soko. Kwa chati ya saa 4 ni zaidi ya miaka sita, hutapungukiwa. Kwenye orodha ya "Market Watch" bofya kulia uchague "Hide All", zibaki zile zenye chati tu. Ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc uone ukurasa upi unakula kumbukumbu kiasi gani. Kama TradingView inakuonyesha dhahabu ileile iliyo kwenye MetaTrader, jiulize kurasa tatu zinakupa nini ambacho mmoja haukupi. Na chati tano za dhahabu: je, uamuzi wako wa kuingia hutoka kwenye zote tano, au hutoka kwenye mbili na tatu zinakutuliza moyo?

Sasa RAM ya 91% na diski ya 100%. Hizi mbili ni ugonjwa mmoja. GB 4 hazitoshi Windows 10, MetaTrader na Chrome kwa pamoja, kwa hiyo Windows huhamishia ziada kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Hadi diski ya sahani zinazozunguka hutumia takriban milisekunde kumi kila sindano inapotafuta sehemu mpya. SSD haifiki hata milisekunde moja. Ndiyo maana diski yako inaweza kuandika 100% huku mwendo wake ni MB chache tu kwa sekunde: inatafuta zaidi ya inavyosoma. Zile dakika sita za kuwasha, na sekunde tano hadi kumi za kubadili chati, zinaelekea sana kuwa hapa. Anayekwambia SSD na RAM ana hoja. Pengine asichokwambia ni kwamba hazitakiongezea kasi kile kiini kimoja. Asubuhi yako itakuwa nyepesi sana, na Ijumaa ya habari inaweza kubaki vilevile kama kosa ni la indiketa.

Ukienda njia hiyo kuna mitego. RAM ya mashine yako ni DDR3 ya kompyuta ya mezani, pini 240, PC3-12800. Ya laptopu ni fupi, haiingii. Sokoni kuna vipande vya GB 8 vya bei ya kuvutia vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD. Mpangilio wa chipu zake haukubaliki kwenye mashine za Intel kama hii, na kompyuta haitawaka. Nunua mahali wanaporuhusu kujaribu na kurudisha. Viwili vinavyofanana, GB 4 mara mbili au GB 8 mara mbili, ni bora kuliko kimoja, kwa sababu prosesa huvisoma kwa pamoja kama njia mbili. Viweke kwenye nafasi zenye klipu za rangi moja. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe, futa meno ya RAM kwa raba safi, kisha sukuma mpaka klipu zote mbili zilie. Kompyuta isipowaka, karibu kila mara ni RAM isiyokaa vizuri. Toa, rudisha moja moja.

Kwa SSD, kunakili diski nzima kwa programu ya Clonezilla kutakukwamisha, maana diski lengwa inatakiwa isiwe ndogo kuliko ya zamani, na yako inatoka GB 500 kwenda 256. Ni safi zaidi kuweka Windows upya. Kabla ya hapo fungua MetaTrader, menyu ya "File", "Open Data Folder", unakili folda ya MQL5 kwenye flashi. Humo zimo indiketa, tempuleti na mpangilio wa chati zako. Folda ya Bases ni historia ya bei. Itajipakua upya na itakula bando, kwa hiyo kama bando ni tatizo inakili nayo. Andika pembeni namba ya akaunti, nywila na jina la seva ya broka (kampuni inayokuunganisha na soko). Kama mishale yako ina leseni iliyofungwa kwenye kompyuta, muulize aliyekuuzia kabla, si baada.

Kabla ya kununua chochote, mwombe shemeji afungue kasha. Mashine za aina hii zilitoka mwaka 2012. Pesti ya kupozea iliyo juu ya prosesa hukauka, na feni hushika vumbi. Weka Core Temp, programu ya kupima joto, fungua soko, tazama. Joto likipita nyuzi 90 na mwendo ukashuka chini ya GHz 3.2, prosesa inajipunguza yenyewe isiungue. Brashi na pesti mpya vinaweza kurudisha kasi uliyokwisha kuilipia zamani.

Jambo moja linaipa kompyuta hii kikomo, nawe una haki ya kulijua kabla ya kutumia pesa. Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai rasmi, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Yako ni ya kizazi cha tatu. Inaendelea kufanya kazi, ila mashine inayogusa pesa bila marekebisho ya usalama ni hatari inayokua polepole. Pia haina AVX2 (seti ya maagizo ya hesabu ya prosesa), iliyoanza kizazi cha nne, kwa hiyo indiketa au roboti (programu inayofanya biashara yenyewe) iliyotengenezwa kwa AVX2 haitafunguka kwako. Ukiweka 75,000 za SSD, hizo hazipotei: SSD ya SATA itahamia kwenye kompyuta ijayo. RAM ya DDR3 itabaki hapohapo.

Huyo mtumba wa kizazi cha nane wa 650,000 anagusa kiini, RAM na Windows kwa pamoja. Ikiwa ndani ni i5-8500, ina viini sita na hupanda hadi GHz 4.1, wakati yako huishia 3.6, na kila kiini hufanya kazi zaidi kwa mpigo uleule. Hatari yake ni ya mtumba wowote: hujui ilikotoka. Dukani tumia programu ya CrystalDiskInfo uone diski imetumika saa ngapi na afya yake ikoje, iache iwake nusu saa, hakikisha matundu ya monita mbili yapo na yanafanya kazi, na uliza kuhusu dhamana iliyoandikwa.

Tufike kwenye orodha ya shemeji. Ndani yake kipo kitu kizuri kweli, ila nadhani si kile alichokionyesha. Kitakachozisaidia chati zako pale ni prosesa: i5-12400F ina viini sita vinavyofika GHz 4.4. Kadi ya RTX 3050 itakaa karibu bila kazi. Chati za kawaida za MetaTrader 5 huchorwa na prosesa; kadi huamka pale tu indiketa au roboti imeandikwa itumie DirectX au OpenCL (njia za programu kuipa kadi kazi). TradingView ndani ya Chrome hutumia grafiki kidogo, kiasi ambacho grafiki ya ndani ya prosesa hukimudu, na hiyohiyo ndiyo inayokuendeshea monita mbili leo. Tena herufi F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani, hivyo kadi inakuwa lazima. Mwombe aandike orodha ya pili: i5-12400 isiyo na F, bila kadi, na pawa saplai ndogo. Ukimwuliza hivyo hutakuwa umemdharau. Unampa kazi ya ufundi, na utaona mwenyewe bei inashuka kwa kiasi gani. Kama ungekuwa mtu wa kupima mipangilio mingi ya roboti kwa historia ya miaka mingi, viini vingi vingekuwa na faida kubwa, kwa sababu kipimaji cha MetaTrader 5 huigawa mipangilio hiyo kwa viini vyote. Barua yako haikutaja roboti.

VPS nitaipitia haraka. Inamfaa mwenye roboti inayotakiwa kuwa macho usiku kucha, karibu na seva ya broka, umeme wa nyumbani ukatike au usikatike. Wewe unaamua kwa macho. Chati ungezitazama kwa mbali, kupitia intaneti ileile ya nyumbani, na kila mchoro ungesafiri. Dola 12 kwa mwezi ni dola 144 kwa mwaka, karibu robo ya akaunti yako. Kuhusu kasi ya mtandao wenyewe, kama seva ya broka wako iko London, kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde: kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 75, na nyaya za baharini hazinyooki. Tazama namba iliyo pembe ya chini kulia ya MetaTrader. Hata ikisoma 200, hiyo ni moja ya tano ya sekunde. Haikuganda kwa sababu hiyo.

Nimeacha ile biashara ya dola 95 mpaka sasa kwa makusudi. Fungua "Journal" ya siku ile. Mafaili yake yamo kwenye folda ya Logs, kila siku na lake. Tafuta mstari wa ombi lako la kufunga, kisha mstari unaoonyesha limekamilika, ambao husema limechukua milisekunde ngapi. Kama ombi lenyewe liliandikwa sekunde nyingi baada ya kubonyeza, kosa ni la kompyuta. Kama liliandikwa papo hapo na utekelezaji ndio uliochelewa, au ulikamilika haraka kwa bei mbaya, hakuna chuma cha dukani kitakachorekebisha hilo. Dakika zile spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) hupanuka na bei huruka bila kugusa katikati.

Halafu stopu losi. Ikiwekwa, hukaa kwenye seva ya broka. Kompyuta igande, umeme ukatike, bando liishe, yenyewe ipo, ingawa kwenye habari inaweza kufungwa kwa bei mbaya kuliko uliyoandika. Stopu inayofuata bei ni tofauti: hiyo hufanya kazi ndani ya kompyuta yako na husimama programu ikisimama. Unasema stopu zako zinapigwa kisha bei inarudi, nami naamini hivyo ndivyo unavyoona. Lakini hesabu nami. Loti 0.05 ya dhahabu ni aunsi 5, kila dola moja ya bei ni dola 5 zako. Ukiwa tayari kupoteza dola 30, una nafasi ya dola 6 tu za mwendo, na siku ya habari dhahabu huzipita hizo kwa kufumba na kufumbua. Kwa loti 0.02, dola 30 zilezile zinakupa nafasi ya dola 15. Je, tatizo lilikuwa stopu, au ukubwa wa loti uliofanya stopu isivumilike? Na ukiwa umefungua nafasi, MetaTrader ya simu iwe imeingia akaunti ileile, mezani, kwa bando tofauti na la kompyuta. Siku ile ungeweza kufunga kwa simu.

Kuhusu nyumbani, sitakuambia bati au kompyuta. Nitakuomba tu uzitazame namba zikiwa pamoja: kompyuta ya 3,200,000 ni takriban mara mbili ya akaunti inayotarajiwa kuilipa. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipobana biashara ya CFD (kubashiri mwendo wa bei bila kumiliki kitu chenyewe) kwa wateja wa kawaida, ilieleza kwamba kati ya 74 na 89% ya akaunti zao hupoteza pesa. Miaka yako mitatu ya daftari ni ushahidi bora kuliko wastani wa Ulaya, kwa hiyo lisome daftari: kati ya hasara zako zote, ngapi zilitokana na kuganda, na jumla yake ni dola ngapi? Kama ni zile dola 65 tu za tofauti kati ya 30 na 95, una jibu la aina moja. Kama ni mia tatu, una jibu la aina nyingine, na mtumba au prosesa mpya inaanza kuwa na hesabu.

Kauli ya baba watoto umeisikia kama mzigo. Inawezekana ni imani. Inawezekana pia ni mtu anayeogopa kusema kwamba bati zilikuwa ahadi. Barua haitaweza kujua, yeye anajua. Ila mazungumzo yatakuwa na shida kama yataanza na 3,200,000 wakati 95 haijatajwa, kwa sababu siku atakapoijua, ataihesabu juu ya bei ya kompyuta. Ukimwambia kwanza, ukiwa na daftari mkononi, mnaweza hata kukubaliana kiasi kidogo cha mgao kiende kwenye mashine na kingi kiende juu ya nyumba, au mkakubaliana visivyo hivyo, na vyote ni vyenu.

Jaribu haya yasiyo na gharama mpaka Ijumaa ya takwimu ijayo, ukitazama tu bila kufungua nafasi. Kisha tuandikie namba nne: visanduku vya viini vilisomaje chati zilipoganda, kama neno "too slow" limeonekana na kwa indiketa ipi, joto la prosesa lilifika ngapi, na mstari wa Journal ulichukua milisekunde ngapi. Shemeji naye mpe nakala. Ndizo namba atakazozihitaji kuandika ile orodha ya pili.